Swali la mtoto mwenye kipaji lisisubiri kengele ya shule

Asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya migomba ya Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, ndoo za maziwa zinakuwa zimeshapangwa foleni kwenye vituo vya kukusanyia. Mpokeaji anachota kidogo, anamimina kwenye kopo refu jembamba, anatumbukiza laktomita na kusoma kipimo. Maziwa safi ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32. Yaliyotiwa maji husoma chini ya hapo, na mwenye ndoo hurudishwa nayo nyumbani. Mara nyingi aliyeileta ndoo ni mtoto aliyevaa sare, anayepitia hapo akienda shule.

Watoto wengi huchukua karatasi yao ya malipo na kukimbia wasichelewe namba. Lakini yupo mmoja atakayebaki nyuma na kuuliza: kwa nini kile kidude kinazama zaidi maziwa yakichanganywa na maji? Na kwa nini maziwa yenye joto hayapimwi mpaka yapoe?

Hilo ni somo la densiti. Atalikuta kwenye fizikia ya kidato cha kwanza, tena kwa Kiingereza, miaka kadhaa baada ya kulijua kwa macho yake. Ikiwa jioni ile atakutana na mtu wa kumwambia "hebu tujaribu na maji ya chumvi tuone", atafika sekondari akiwa na kitu kichwani. Akiambiwa "acha maswali, kalete kuni", huenda asiulize tena.

Wazazi wengi wa Rungwe, sawa na wenzao kote Tanzania, wanapogundua kwamba mtoto wao ana akili kuliko rika lake huwaza mambo mawili: tuisheni na bweni. Kuna mantiki ndani yake. Nchi ina shule za sekondari za vipaji maalumu, zikiwamo Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, na Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Zote ziko mbali na Mbeya, na njia ya kuingia ni alama za mtihani wa darasa la saba. Mzazi anayetaka mwanawe afike huko anamkaza kwenye mtihani. Tatizo ni kwamba serikali inamtambua mtoto huyu akiwa na umri wa miaka 13 hivi, ilhali mama yake amekuwa akimwona tangu akiwa na minne. Miaka yote ya katikati ni ya nyumbani, na tuisheni, ambayo kwa kawaida hurudia kilichokwisha fundishwa darasani, haiwezi kuijaza. Mtoto aliyeelewa hesabu za sehemu mara ya kwanza hanufaiki kwa kufundishwa sehemu mara ya nne.

Mfano mkubwa wa swali lililokaribia kuzimwa ni wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba wilayani Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ya kugombania, hivyo akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga ndiye aliyemthibitishia: wao waliweka mchanganyiko ukiwa bado wa moto makusudi, ili ugande haraka. Alipofika Mkwawa, Iringa, swali lake likawa kichekesho cha darasa. Kisha Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam akaitembelea shule, Mpemba akamuuliza mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, na mgeni akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia duniani hubishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Katika kisa hicho, kabla mwanasayansi hajatokea, kijana alitiwa moyo na muuza aiskrimu. Mtu huyo hakuwa na maabara. Alikuwa na kazi anayoijua vizuri na alimjibu mwenzake bila dharau. Kiasi hicho mzazi yeyote wa Katumba, Kiwira au Mwakaleli anacho.

Wapo watakaosema, "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Jibu lao liko kwenye msitu wa Mlima Rungwe. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walisikia kutoka kwa wawindaji wa kandokando ya mlima habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Walimtafuta mpaka wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Jina la mlima sasa limo kwenye vitabu vya zuolojia, na lilifika huko kwa sababu mtu alikaa akawasikiliza wawindaji. Babu anayejua majina ya miti kwa Kinyakyusa, na mti upi hustahimili mvua za huku, ni maktaba ya mtoto mwenye udadisi. Kinachohitajika ni muda wa kukaa naye na daftari la kuandikia.

Jambo la pili, baada ya kumsikiliza mtoto, ni namna ya kumsifu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walieleza majaribio waliyofanya kwa watoto wa shule ya msingi. Waliosifiwa kuwa wana akili walipendelea baadaye maswali mepesi, na walipokwama walifanya vibaya zaidi. Waliosifiwa kwa bidii yao walitaka magumu. Nyumba ambayo kila mgeni anaambiwa "huyu ni namba moja" inamwandaa mtoto vibaya, maana akichaguliwa kwenda Ilboru au Kilakala atakuta darasa zima limejaa akina namba moja. Siku atakapokuwa wa 30, awe ameshazoea kushindwa swali na kulirudia.

Msichana ana mzigo wa ziada. Baada ya shule kuna kuchuma chai, maji, kuni na kupika, na vyombo vikishaoshwa ni saa tatu usiku. Rungwe imemtoa Dk. Tulia Ackson, mwenye shahada ya uzamivu ya sheria kutoka Cape Town, aliyechaguliwa kuwa Spika mwaka 2022 na Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani mwaka 2023, na wazazi hupenda kumtaja. Wanaomtaja wagawe pia kazi za nyumbani, kaka naye aoshe sufuria, ili dada apate saa moja ya taa na kitabu.

Vitabu vyenyewe si vya kufikirika tena. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bila malipo, na mzazi mwenye simu janja anaweza kumfungulia mtoto kitabu cha darasa la mbele jioni moja kwa wiki. Wasio na simu hiyo ni wengi, na kwao njia ya karibu ni shule ya kijiji, ambako mara nyingi vitabu vimefungiwa kabatini ofisini kwa hofu ya kupotea.

Basi kwenye kikao kijacho cha wazazi, kabla ya kujadili mchango wa tuisheni, wazazi wa Rungwe waombe kabati hilo lifunguliwe kila Ijumaa, kila mtoto anayetaka aazime kitabu mpaka Jumatatu, na mzazi asaini kwamba kikipotea atalipa.