Miti ni ya wageni, kivuli ni ya nani?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa kenda na mwezi wa kumi, mbele mvua ianze, jakaranda za Lubumbashi zinachanua na barabara za katikati ya muji zinavaa rangi ya zambarau. Hapo maneno inaanza tena. Picha zinapigwa, vikaratasi vinachapwa, na wakubwa wanatuambia kama muji wetu ni muji wa kijani, wageni watakuja, feza itaingia. Lubumbashi Wantanshi! Sisi wa chama cha utamaduni tunasikia na tunajiuliza: hiyo kijani ni ya nani? Maana mu Kenya, mu Katuba, mu Ruashi, mama mwenye kuuzisha ndizi anazunguka na jua, asubuhi upande huu wa njia, mangaribi upande ule, akitafuta kivuli.

Tuseme wazi, hata kama kuna watakaokasirika: muji wenye kupanda miti juu ya macho ya mugeni, na kuwanyima wenyeji mahali pa kukaa chini yake, unawadanganya wote wawili.

Jambo hili halikuanza leo. Elisabethville iliundwa mwaka 1910, na nafasi kubwa ya wazi yenye iliachwa kisha haikuachwa ili watu wapumzike. Kati ya muji wa Wazungu na mutaa wa Weusi, ule wenye tunaita leo Kamalondo, waliweka uwanda wa mamia ya mita, wakauita zone neutre. Sababu yenye walitoa ni mbu: eti hawezi kuruka mbali hivyo, basi mutu mweusi abakie ng'ambo na malaria yake. Ndiyo kijani ya kwanza yenye tulipewa mu muji huu: ukuta wa majani. Jakaranda nazo zilitoka Amerika ya Kusini, zikapandwa ku barabara za wenye muji. Hatuzichukii. Watoto wetu wameokota maua yake ku njia ya masomo, na nani atatuambia leo kama si zetu? Lakini wazo la zamani limebakia palepale: kijani ni pambo la upande moja, na upande mwingine ni lupango juu ya lupango.

Wazee wetu hawakujua neno « espace vert ». Walijua pori, na pori haikuwa kitu cha kutazama. Mvua ikianza, masuku inafika ku soko, kisha mapundu. Mvua ikikolea, bowa inapangwa kando ya njia mu mabeseni. Tunkubiu haipatikani pasipo muti wa kukula majani yake. Kila kimoja kina majira yake, na kila kimoja kina maneno yake, mafumbo yake, makatazo yake. Katika kisungu cha Wabemba, musuku unaheshimiwa sawa mama, kwa sababu ya wingi wa matunda yake. Audrey Richards aliona sherehe hiyo ng'ambo ya mupaka, mu Zambia ya leo, mwaka 1931, akaiandikia kitabu mwaka 1956. Nyimbo zingaliko. Lakini binti mwenye kuzaliwa ndani ya lupango ya simenti, musuku atauona wapi? Na mukula, wenye kutoa ile rangi nyekundu, ulikatwa na kusafirishwa kwa Wachina kwa kasi mbaya sana hata ukaingizwa mwaka 2019 katika orodha ya CITES, mapatano ya dunia ya kuchunga biashara ya mimea na wanyama wa pori.

Ndiyo maana tunakasirika tukisikia kama « tradition » ni ngoma na masiki ya kuchezea wageni siku ya sikukuu. Desturi bila mahali pake ni maneno matupu.

Sasa kuko wenye kutujibu, na si wajinga. Banasema: « Fasi yenye haiingize feza, batu bataiiba. Tuweke ukuta, mulango na tiketi, tuite batalii, feza italipa walinzi. » Tunaelewa. Mwenye kuishi hapa ameona fasi ngapi zimegeuka lupango usiku moja! Umeme unakatika, bukari inapikwa na makala, na mutu hawezi kula jakaranda. Lakini tuangalie Nairobi, maana kule jambo hili lilipiganiwa kweli. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga nyumba ya gorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alikataa, akatukanwa, na nyumba haikujengwa. Miaka kumi nyuma, walipotaka kugawanya pori la Karura, alirudi na miche yake, na mwezi wa kwanza 1999 walimupiga kule. Leo Karura inalipisha kiingilio, na wageni wanaenda kutembea. Lakini mupango wa mambo ulikuwa huu: wenyeji walilinda kwanza, tiketi ikafuata. Wakubwa wetu wanataka kuanza na tiketi.

Na mulango peke yake haulinde. Tuko na JACK, kimbilio la sokwe lenye lilianzishwa hapa Lubumbashi mwaka 2006, kazi nzuri kabisa. Mwezi wa kenda 2022 wezi waliingia wakaiba watoto watatu wa sokwe, wakaomba feza ya kuwakomboa. Nafasi inalindwa na jirani mwenye kuiona kuwa yake. Jirani mwenye kufukuzwa ku mulango hataona kitu.

Kuhusu sheria, hatuombi mupya. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema kama mali ya Serikali yenye kutumiwa na watu wote haiwezi kununuliwa wala kuuzishwa, maadamu haijaondolewa rasmi katika kazi hiyo. Uovu wote unapita ku neno moja tu: kuondolewa. Karatasi inasainiwa ofisini, mutaa unapata habari siku matofali inafika.

Tuseme pia juu ya biashara, kwa sababu hata upande huo mupango wao ni mubaya. Kuuzisha jakaranda kwa mutalii! Pretoria inajulikana tangu zamani kama muji wa jakaranda, iko na ndege nyingi na hoteli nyingi kutupita. Mugeni apande ndege mpaka kwetu kuona muti wenye ameuacha Afrika ya Kusini? Chenye hana ni kichuguu kirefu kupita nyumba, chenye tunavunja kila siku kufanya matofali. Hana soko la bowa. Hana muzee mwanamuke wa kumuonyesha ni jani gani, ni tunkubiu gani, na kwa nini haichukuliwe mbele ya wakati. Mugeni wa namna hiyo anapita Lubumbashi usiku moja tu, akienda Kundelungu kuona Lofoi yenye kuanguka zaidi ya mita 300, na hakuna mwenye kumwambia abakie siku ya pili.

Basi tunaomba kwa kila burgumesta kitu kidogo: plani ya komine ibandikwe ku ukuta wa nje, nafasi za wote zikiwa na rangi yake, kila mutu aone iko wapi na iko na ukubwa gani. Na ku masomo za Katuba na Ruashi, mbele ya kupamba rond-point ingine, ipandwe misuku na mipundu. Hapo kuko kazi, tusidanganyane. Mbegu ya musuku haikai: kisha majuma machache imekufa. Inataka udongo wenye kuchotwa chini ya mama yake, kwa sababu mule ndani muko vitu kama uyoga mudogo vyenye kulisha mizizi, na bila hivyo muche unadumaa. Kisha tunangoja zaidi ya miaka kumi kuona tunda. Udongo huo ungali unapatikana ku njia ya Kasenga na ya Kipushi, pale wachoma makala wamebakisha muti. Mvua hii ikianza, wenye motokari watupe nafasi ya magunia.