Wanaochokea njia tambarare

Ukimwuliza mtu asiyekimbia ni marathoni ipi ngumu, atakuambia ile ya milima. Wakimbiaji wenyewe huiogopa pia njia tambarare, hasa siku ya joto.

Iko moja Marekani, kando ya mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio, kilomita zipatazo 297 kutoka Washington hadi Cumberland. Nyumbu (hawa chotara wa punda na farasi, si wale wa Serengeti) waliipita wakikokota mashua. Mfereji hauendi milimani, kwa hiyo njia nayo imelala, ya udongo na changarawe. Siku hizi watu hukimbia marathoni humo. Hakuna kilima cha kumlazimisha mtu apunguze mwendo, wala mteremko wa kumpumzisha. Misuli ile ile hufanya kazi ile ile kwa kilomita 42. Majira ya kuchipua nayo yana hila yake: mwili umetoka katika baridi ya miezi kadhaa, nao huhitaji takribani wiki mbili kuzoea joto. Anayeanza kwa kasi kwa sababu njia inaonekana rahisi, huishiwa nguvu kilomita ya 30 akiwa hana hata jiwe la kulaumu.

Boston ina vilima, lakini joto ni lile lile. Tarehe 16 Aprili 2012 lilifika nyuzi 30, na waandaaji wakawaruhusu waliojiandikisha waahirishe hadi 2013. Geoffrey Mutai, aliyeshinda mwaka uliotangulia kwa saa 2:03:02, alijitoa njiani. Mkenya mwenzake Wesley Korir aliwaacha wengine watangulie, akawapata baadaye, akashinda kwa saa 2:12:40.

Mahubiri yetu mengi ni ya milima: msiba, ugonjwa, kufukuzwa kazi. Aliyefiwa tunamwendea na sufuria na mikeka. Lakini parokiani nimewaona wengi zaidi wakichokea tambarare. Ndoa ya miaka 22, isiyo na ugomvi wala usaliti, inakauka. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo aliyetumikia vipindi vitatu, ambaye pia ni msomaji wa Misa na mkusanya zaka, Jumapili moja haonekani. Tunaulizana, "Kwani amekosana na nani?" Hajakosana na mtu. Naona swali hilo linaumiza kuliko uchovu wenyewe, maana linamlazimisha atafute kosa ndipo ahurumiwe.

Eliya hakuvunjika pale Karmeli. Alishinda, akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Ni baadaye, baada ya vitisho vya Yezebeli na mwendo wa siku moja jangwani, alipoketi chini ya mretemu akaomba afe. Soma Wafalme wa Kwanza sura ya 19 uone malaika anachofanya. Hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anarudi kumlisha mara ya pili. Ndipo Eliya anatembea siku 40 hadi Horebu.

Basi uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ukifika, msimpigie makofi mama yule yule aendelee kwa sababu "ameshazoea". Mwacheni mwaka mzima akae benchi la nyuma asali kama watu wengine. Na yule aliyeacha kuja, mpelekeeni chakula, msimwulize kitu.