Karatasi nayo hunywa maji

Aliye Malindi au Kilifi na afungue sanduku lake la bati wakati wa masika. Hati ya shamba, aliyoiweka ikiwa imenyooka, ameikuta imelegea, pembe zimejikunja, nayo inanuka uvundo. Paa halivuji. Karatasi imekunywa unyevu wa hewa ya bahari.

Imekunywa kiasi gani? Njia ya zamani ni kupima kipande kwa mizani, kukikausha ndani ya tanuri, kisha kukipima tena. Ni njia ya kuaminika, lakini nani atakubali hati yake itiwe motoni?

Wataalamu wana njia nyingine: mwanga usioonekana kwa macho, uitwao infraredi ya mbali. Infraredi yenyewe iligunduliwa na William Herschel huko Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita kwenye kioo, pasipoonekana kitu, na joto likapanda. Ile ya mbali ina mawimbi marefu zaidi, hata karibu milimita 1. Mwanga wa kawaida ukigonga karatasi hutawanywa na nyuzi zake. Mawimbi haya marefu hupenya. Maji, hata hivyo, huyameza. Mwanga ukitokea hafifu kuliko kwenye karatasi kavu ya aina ile ile, basi karatasi ina unyevu. Tena mwanga huo huchelewa kidogo mno ukiwa ndani ya karatasi, na kuchelewa huko hueleza unene wake. Hakuna kukata wala kugusa.

Hutambua pia nyuzi zimelala upande gani. Hili, vijana, mnaweza kulijaribu nyumbani. Chukueni gazeti la jana (baba akishalimaliza!), mlirarue kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja litanyooka, wa pili litakwenda kombo. Linakonyooka ndiko zilikolala nyuzi nyingi. Uzi ukinywa maji hunenepa kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka zaidi upande mmoja, ikajikunja.

Mitambo hiyo ni ya maabara na viwanda. Wewe mwenye hati, usiianike juani wala usiipige pasi. Iache mezani kivulini, upepo upite, kisha uilaze chini ya kitabu kizito. Usiitie ndani ya plastiki kabla haijakauka, na sanduku lisigusane na ukuta wa mawe ya matumbawe, maana nao hunywa maji.