Sijambo, Ila

Desturi yetu tukutanapo ni kuulizana hali. "Hujambo, bwana?" "Sijambo." Hata mgonjwa aliyelala siku ya tatu hujibu "Sijambo", kwani ndiyo adabu, kisha, aulizaye akiketi, huongeza: "ila homa yanisumbua kidogo." Wanachama wenzetu, habari yote ya mtu imo katika neno hilo "ila", nalo haambiwi mtu apitaye upesi.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwaka jana karani mmoja, mwanachama wetu, alihamishiwa kituo hiki peke yake, mkewe na watoto wakabaki kwao kwa ajili ya shule. Aliugua siku sita chumbani mwake asijue mtu, mpaka tarishi alipotumwa kumwuliza jalada lililokuwa likitafutwa. Tulipofungua daftari la chama tulikuta ada yake imelipwa yote. Alipona, tunashukuru, lakini aibu imetubakia. Fedha yake tulikuwa nayo, habari yake hatukuwa nayo.

Wako wadhanio ya kuwa afya ni kazi ya daktari na dawa tu, na mazungumzo ya barazani ni kupoteza wakati. Basi na wasikie haya. Katika wilaya ya Alameda, California, nchi ya Marekani, watu wazima 6,928 waliulizwa mwaka 1965 habari za ndoa zao, jamaa na rafiki zao, kanisa lao na vyama vyao. Katika miaka tisa iliyofuata, wale wenye mahusiano machache kabisa walikufa kwa kadiri ya zaidi ya mara mbili ya wale wenye mengi. Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa habari hiyo mwaka 1979. Msomaji atasema, "Labda walikuwa wagonjwa tangu mwanzo, ndiyo maana walijitenga." Swali ni la haki, nao walilipima: hata baada ya kuhesabu jinsi kila mtu alivyoieleza afya yake mwanzoni, na uvutaji wa tumbaku, na ulevi, tofauti ilibaki.

Wala jibu la mtu juu ya afya yake si la kudharauliwa. Huko Manitoba, Kanada, uchunguzi uliotolewa mwaka 1982 ulionyesha ya kuwa wazee waliosema afya yao ni mbaya walikuwa katika hatari ya kufa mapema karibu mara tatu ya wale waliosema ni njema kabisa, hata yalipohesabiwa yaliyoandikwa na madaktari. Na mjini London watumishi wa serikali 10,308, watu wa kazi kama yetu, walianza kuchunguzwa mwaka 1985. Waliosaidiwa na wenzao na wakubwa wao kazini walionekana kuwa na unafuu kuliko waliokosa msaada huo.

Sababu zake hazihitaji elimu kubwa. Mwenye watu huambiwa, "Kikohozi hicho kimezidi, twende hospitali." Huletewa uji, huazimwa nauli, huzuni yake hugawanywa. Hata hivyo hatusemi ya kuwa kila uhusiano ni dawa. Michango isiyokwisha humnyima mtu usingizi, na fitina za ofisini huumiza kuliko upweke. Faida haimo katika wingi wa majina daftarini, bali katika yule mmoja au wawili wanaongojea hiyo "ila".

Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha pale Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika, walikuwa watu wa kazi ya kalamu. Nasi tu hivyo hivyo. Barua ya uhamisho humpa mtu kituo kipya, haimpi jirani.

Kwa hiyo twaomba mkutano ujao uamue mambo matatu. Kwanza, wachaguliwe wanachama wawili wa kumtembelea kila mgeni katika juma lake la kwanza. Pili, asiyeonekana kazini siku mbili aendewe nyumbani kwake, asitumiwe salamu tu. Tatu, wastaafu wasisahauliwe; kwani mtu astaafupo hukosa kwa siku moja mshahara na salamu za watu arobaini, na pengine hilo la pili ndilo zito zaidi.

Mambo haya hayahitaji kuongeza ada hata senti moja. Yahitaji jioni chache, na subira ya kuketi. Mtu ni watu. Basi leo utokapo ofisini, mwulize mwenzako hali yake, kisha usiondoke upesi.

MHARIRI