Hija ya Anuarite itufundishe msamaha unaotaja jina

Kila inapokaribia tarehe 1 Desemba, parokia nyingi za Kisangani hujiandaa kwa sikukuu ya Mwenyeheri Anuarite. Wenye uwezo wanatafuta nafasi kwenye pikipiki au lori kuelekea Isiro, kwenye kaburi lake. Wengine, na ndio wengi, wanabaki mjini, wanavaa kitenge chenye picha yake na kuimba misa. Safari yenyewe si mchezo. Unafuata barabara ya taifa nambari 4, unapita Bafwasende mpaka Nia-Nia, halafu unapinda kaskazini. Ni zaidi ya kilometa 500, na mvua ikinyesha, matope yanaweza kukulaza njiani.

Kwa nini watu wakubali taabu hiyo? Tukumbuke historia. Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939, akawa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu kule Bafwabaka. Tarehe 29 Novemba 1964, waasi wa Simba waliwachukua masista wote wa nyumba hiyo na kuwapeleka mpaka Isiro. Usiku wa kuamkia 1 Desemba, Kanali Pierre Olombe alitaka kumfanya mke wake kwa nguvu. Alikataa. Alipigwa, akachomwa visu, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 24. Masista wenzake walishuhudia kwamba kabla ya kukata roho alimwambia muuaji wake kuwa amemsamehe.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa, mbele ya wazazi wake. Alikuwa Mkongomani wa kwanza kupata heshima hiyo. Siku hiyo Papa naye alimsamehe muuaji hadharani, kwa niaba ya Kanisa lote. Tangu hapo jina la Anuarite limeingia katika maisha yetu: shule, vituo vya afya, kwaya, na mabinti wengi waliobatizwa kwa jina lake.

Lakini kwa maoni yangu, tumechukua nusu tu ya urithi huo. Mahubiri mengi yanamtaja Anuarite kama mfano wa usafi kwa wasichana. Ni kweli, lakini haitoshi. Katika msamaha wa Isiro kosa lilitajwa. Mahali panajulikana, siku inajulikana, na jina la aliyetenda linajulikana mpaka leo. Hakuna aliyewaambia wazazi wake wanyamaze ili amani irudi.

Hapa Tshopo tunafanya kinyume. Tangu mwaka 2022, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu, umechoma vijiji na kuwafukuza watu wengi mpaka mjini Kisangani. Kila baada ya mikutano ya amani tunaambiwa tusameheane. Tumsamehe nani, kwa kosa gani? Majina hayatajwi, mashamba yaliyoporwa hayatajwi. Kila upande unabaki kusema « wale ». Msamaha wa namna hiyo hauna mtu ndani yake, ndiyo maana hauchukui muda kuvunjika.

Tuangalie majirani. Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu Oktoba 1964, wiki chache tu kabla ya kifo cha Anuarite. Leo, tarehe 3 Juni ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima, na mahujaji wanafika Namugongo kwa miguu, hata kutoka Kenya na Tanzania. Wakatoliki na Waanglikana wote wana mashahidi wao pale. Hija imekuwa mahali ambapo taifa linakumbuka kosa la zamani bila kulificha.

Sisi pia tunaweza. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, serikali ya taifa na ya mikoa itengeneze barabara ya Isiro. Itawasaidia mahujaji siku moja ya mwaka, na wakulima na wagonjwa siku zote zilizobaki. Pili, jimbo kuu la Kisangani lipange hija ya vijana Wambole na Walengola pamoja. Wapande lori moja, walale chini ya paa moja, na mbele ya kaburi lile kila mmoja aseme kilichotokea kijijini kwake na nani alikosa.

Wengine watasema kutaja majina kutaamsha hasira, na mahakama ndiyo yenye kazi hiyo. Mahakama ifanye kazi yake, hakuna anayepinga. Lakini hasira haijalala: waulize waliokimbia makwao. Anuarite alimtazama usoni mtu aliyemuua, akamsamehe yeye. Tukienda Isiro na kurudi bila kujifunza hilo, tutakuwa tumechosha miguu bure.