Usiuachie Usiku Ukuchagulie Kambi

Liko neno moja linalopendwa na wasafiri wa zama zetu, nao hulitamka kwa fahari kana kwamba ni hekima iliyorithiwa: "Popote jua litakapotuchwea, hapo ndipo petu." Neno hili ni tamu masikioni. Lina harufu ya uhuru, na kijana anayelisikia hutamani kufunga mzigo wake mara moja aondoke. Nakusihi, msomaji, usilikubali. Nakusudia kulipinga mbele yako, maana limewalaza watu wengi mahali ambapo hawakuamka.

Sigombani na safari. Mtu asiyeijua nchi yake ataipendaje? Ni jambo jema kwamba leo gari lenye kitanda ndani yake, au lenye hema lililofungwa juu ya paa, laweza kutoka Nairobi asubuhi na kumfikisha mwenyewe katika vilima vya Chyulu kabla ya jioni. Ni jema vilevile kwamba wanafunzi, maskauti na vijana wa makanisa hupanda mabasi kwenda kupiga kambi porini. Ninachogombana nacho ni uzembe. Watu hufikiri siku nyingi juu ya chakula watakachobeba, nguo watakazovaa na picha watakazopiga, lakini mahali watakapolala hupaachia bahati. Mchana mtu ana macho, miguu na akili ya kujiokoa. Usiku hana hata kimoja katika hivyo, kwa kuwa amelala. Basi ni saa zipi zinazostahili kufikiriwa zaidi?

Tazama mfano ulio karibu nawe. Msafiri anaiacha njia kuu ya Mombasa pale Emali, anashika njia ya kwenda Matiliku, na mlima Nzaui unasimama mbele yake. Jua limekwisha kuinama. Kando ya njia anauona mto wa mchanga. Mchanga ni mweupe, sawasawa na safi. Hauna miiba wala mawe. Miti mikubwa imesimama ukingoni, na hapana ua wala mlango wa kumzuia mtu. Kwa macho ya mgeni hapa ni mahali palipotandikwa tayari. Anateremsha gari, anasimamisha hema, anawasha moto, na moyo wake unashukuru.

Mtoto yeyote wa Ukambani angemwambia kwamba hakulala juu ya nchi kavu, bali amelala juu ya mto uliolala. Chini ya mchanga ule mna maji, ndiyo maana akina mama huchimba humo visima wakati wa kiangazi, na ndiyo maana watu wa Makueni na Kitui wamejenga kuta za mawe na saruji katika mito ya namna hii ili mchanga uyatunze maji yao. Miti ile imekuwa mikubwa kwa sababu mizizi yake imefikia maji. Mahali pamekuwa sawasawa kwa sababu mafuriko yamepalainisha, na hapana miiba kwa sababu kila kitu kilichojaribu kuota pale kilichukuliwa. Uzuri wote aliousifu mgeni ni kazi ya adui yake.

Mgeni atajibu kwamba mbingu ni nyeupe na nyota zinaonekana. Jibu hili ndilo linaloua. Mvua inayojaza mto wa mchanga hainyeshi lazima juu ya kichwa cha anayelala humo. Yaweza kunyesha mbali, katika vilima vya Kilungu au Mbooni, naye asisikie hata ngurumo. Mito kama Kaiti na Thwake huyakusanya maji ya miinuko hiyo na kuyapeleka bondeni, na hatimaye yanaufikia mto Athi. Ardhi iliyokaushwa na jua haiwezi kuyanywa maji kwa haraka, kwa hiyo yanakimbia juu yake. Mita moja ya maji, kwa urefu, upana na kina, ina uzito wa tani moja. Na maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu yaweza kulichukua gari la kawaida. Hema je?

Nguvu hiyo si hadithi ya kutishia watoto. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi, kaunti ya Kitui, basi lililowachukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuuvuka mto Enziu uliojaa. Watu zaidi ya 30 walikufa, mbele ya macho ya wenzao waliosimama ukingoni. Lile lilikuwa basi kubwa, ilikuwa mchana, na abiria walikuwa macho. Ukiyafahamu hayo utaweza kupima hali ya mtu aliyejifunga ndani ya hema, usiku wa manane, katika mto wa aina ileile.

Wala jambo hili si la Ukambani peke yake. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei mwaka 2024, mto Talek katika Maasai Mara ulifurika, ukaingia katika kambi na hoteli zaidi ya kumi zilizojengwa karibu na maji ili wageni wafurahie kuyatazama. Wageni walitolewa kwa helikopta na mashua. Huko Marekani, katika jimbo la Texas, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, mto Guadalupe uliinuka takriban mita 8 kwa muda wa dakika 45. Ulisomba magari ya kulala yaliyoegeshwa kandokando yake, na katika kambi moja ya wasichana wadogo ulichukua wasichana na walezi wao 27. Nchi ile ina redio, satelaiti na simu katika kila mkono. Vyote hivyo havikuwaokoa hao.

Hapa mpinzani wangu atashika neno jingine. Atasema: "Basi nitalala katika kambi yenye kibali cha serikali, nami nitakuwa salama." Namheshimu kwa hoja hii, kwa sababu kibali ni bora kuliko bahati. Ndani ya mbuga za taifa, zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, imekatazwa kulala nje ya kambi zilizotengwa, na katazo hilo ni la haki: tembo wana njia zao, na mtu hana ruhusa ya kuzifunga kwa hema. Lakini kibali ni karatasi, na maji hayajui kusoma. Tarehe 7 Agosti 1996, huko Biescas nchini Hispania, kambi iliyokuwa na kibali kamili ilipigwa na maji ya korongo la mlimani. Watu 87 walikufa. Kambi ile ilikuwa imewekwa juu ya udongo ulioletwa na korongo lenyewe katika mafuriko ya zamani. Baadaye mahakama iliamua kwamba serikali iliwajibika. Hukumu ilikuwa ya haki, lakini haikumwamsha mfu hata mmoja. Soma kibali, kisha soma nchi.

Usidhani tena kwamba kosa la kuchagua vibaya limeanza na magari. Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti walipiga kambi yao Kibwezi, ambayo leo imo katika kaunti ya Makueni. Waliona chemchemi, msitu, kivuli na njia ya misafara. Hawakuona homa. Malaria iliwaandama, baadhi yao wakazikwa pale, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa Kikuyu. Mwaka uliofuata, 1899, reli ilifika mahali penye maji na uwanda, kabla ya kupanda milimani, na wajenzi wakaona panafaa kuweka kambi. Kambi ile ndiyo Nairobi. Palikuwa na kinamasi, na tauni ilipozuka, soko la Wahindi lilichomwa moto mwaka 1902. Wapo waliotaka mji uhamishwe. Haukuhamishwa, na hata katika mvua za mwaka 2024 mito yake iliingia majumbani. Kambi iliyochaguliwa kwa urahisi wa kazi ya miezi michache imekuwa mzigo wa watu kwa zaidi ya karne moja.

Walinganishe hao na wafanya biashara wa Kikamba wa karne ya 19, waliochukua pembe za ndovu toka bara hadi Mombasa, katika zama za Kivoi aliyempokea Krapf huko Kitui mwaka 1849. Misafara ya siku zile iliondoka alfajiri na kupiga kambi jua likiwa bado juu. Hawakuwa wavivu. Walijua kwamba kambi ina kazi yake: kutafuta maji, kutazama nyayo za wanyama, kukata miiba ya kujenga boma, kujua wenyeji ni akina nani na wana amani au hawana. Kazi hizo hazifanyiki gizani. Mwenda kwa miguu aliyebeba mzigo begani alikuwa na subira ya kusimama mapema. Sisi tuliokaa juu ya magurudumu hatuna. Ajabu iliyoje!

Nakusikia ukiuliza: "Sasa nifanye nini?" Simama saa kumi alasiri, hata kama nguvu za kwenda ungali nazo. Shuka garini utembee. Tazama matawi ya miti iliyo karibu na mto: ukiona nyasi kavu na vijiti vimenasa juu, hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho, nawe ulale juu zaidi ya hapo. Usipande hata kileleni, maana radi hupenda vilele. Usijilaze chini ya tawi kuukuu. Usifunge njia iliyokanyagwa na wanyama au mifugo. Elekeza uso wa gari kwenye njia ya kutokea, na ufunguo uwe mahali panapojulikana na wote. Katika miezi ya Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, ongeza tahadhari maradufu, kwa kuwa hiyo ndiyo misimu ya mvua ya Ukambani.

Lakini kabla ya hayo yote, uliza. Hili ndilo jambo linalodharauliwa kuliko yote. Msafiri huona shamba lisilo na ua, akasema halina mwenyewe. Nchi ya Makueni haina shamba la namna hiyo. Kila kipande kina mtu anayekilima au anayelisha mbuzi wake juu yake, na kila kisima cha mchangani kina watu wanaokitegemea. Anayelala pale bila ruhusa na kuogea katika maji ya kunywa ni mvamizi, ijapokuwa amebeba kamera badala ya mkuki. Nenda boma la karibu, usalimie kwa adabu, useme ulikotoka na uendako, uombe kuonyeshwa mahali. Mama aliyechota maji katika mto ule kwa miaka 40 ana elimu usiyoweza kuipata katika ramani. Akikutaka fedha kidogo kwa kukaribisha gari lako uwanjani mwake, lipa, nawe ushukuru. Umenunua usingizi, na yeye amepata ada ya mtoto wake.

Wako wanaosema kwamba ukarimu wa njiani umekufa. Waende Makindu. Hekalu la Masingasinga lililojengwa pale mwaka 1926, kando ya reli na njia ya Mombasa, humpa msafiri wa dini yoyote chakula na malazi, wala halimdai malipo. Anayetaka kulala salama barabarani hakukosa wenyeji. Amekosa unyenyekevu wa kubisha hodi.

Mwisho nasema nawe, mwanafunzi, kwa sababu jambo hili lakuhusu kuliko unavyodhani. Leo wewe si mwenye gari, wala si wewe utakayechagua kambi ya chama chako. Lakini una macho na ulimi. Siku mtakapofika jioni katika mto wa mchanga, na mkubwa wenu akasema, "Hapa panafaa," usinyamaze kwa kudhani kwamba adabu ni kunyamaza. Sema kwa heshima: "Mwalimu, tumewauliza wenyeji?" Huenda wenzako wakakucheka kwa woga wako. Vumilia kicheko chao. Kicheko hupita asubuhi, nanyi nyote mtakuwapo kukisahau.