102 Iko Wapi?



Kila jumuiya yetu inapotangaza darasa la watoto, jina ni lile lile: "Kiswahili 101". Nimelisoma tena kwenye tangazo la mwezi uliopita, nikasema basi, leo naandika.

Hiyo 101 naijua tangu kwao. Nilipoanza uhandisi Marekani mwaka 1991 ilikuwa namba ya somo tu. Kwa kawaida tarakimu ya kwanza ilionyesha ngazi, na mbili zilizofuata zikalitambulisha somo lenyewe. Kamusi ya Oxford inataja orodha ya masomo ya Chuo Kikuu cha Buffalo ya mwaka 1929. Baadaye watu wakaitoa chuoni wakaibandika kila mahali: mapishi 101, ndoa 101. (Mlioko Uingereza, msiichanganye na Chumba 101 cha riwaya ya George Orwell. Kile ni cha mateso, ingawa watoto wetu huenda wasione tofauti.)

Kilichodondoka njiani ni 102. Chuoni 101 ilikuwa na maana kwa sababu 201 ilikusubiri. Aliyeishia 101 hakukabidhiwa daraja ajenge. Sisi tunawapa watoto wiki sita za rangi, wanyama na "jambo", kisha picha, cheti, pilau, kwaherini. Mwaka unaofuata 101 tena, watoto wale wale!

Binti yangu ana vyeti vitatu. Juzi bibi yake kapiga simu kutoka Tanga: "Umeshakula, mjukuu wangu?" Akajibu: "Jambo, bibi!" Hata shikamoo hakuna. Bibi akacheka kidogo, akaomba nipewe simu mimi. Kosa ni langu pia; nikirudi kazini nimechoka naongea naye Kiingereza, ndiyo njia ya mkato.

Wazee wetu walikuwa na "alifu kwa ujiti", na hiyo ndiyo 101 yao. Lakini nani aliachwa kwenye alifu? Mwalimu alikupeleka juzuu kwa juzuu mpaka ukahitimu, na ukitoroka alikufuata nyumbani.

Naiuliza kamati, na nijibiwe toleo lijalo: nani anafundisha "sijala" na "ningekula"? Nani anafundisha kusimulia safari, kumpa mtu pole ya msiba? Kama hayupo, msichapishe cheti kingine. Jumamosi asubuhi mimi nipo, chaki nitanunua mwenyewe.